Njia Panda ya Koboko: Barabara Ikichimbwa, Dereva Afuate Nini?

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi wanachama nane. Katika tatu kati ya hizo, Kenya, Tanzania na Uganda, magari hupita kushoto. Katika tano zilizobaki, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Kongo na Somalia, hupita kulia. Kwenye vikao vya Jumuiya kule Arusha jambo hili halimnyimi mtu usingizi. Anayenyimwa ni dereva wa lori aliyetoka Ariwara, Kongo, na shehena ya mbao, akavuka mpaka jua likizama, akajikumbusha kwamba huku ni kushoto, kisha akaingia mji wa Uganda na kukuta barabara imechimbwa katikati, mapipa yamepangwa upande huu na upande ule, na hapana kinachomwambia mapipa hayo ayapite kwa mkono upi.

Dereva huyo simtaji kwa jina kwa sababu wako wengi, na sehemu ya kumfikiria vizuri ni Koboko.

Koboko ni mji wa mpakani kuliko miji mingi inayojiita hivyo. Kaskazini yake kuna Oraba, na ng'ambo ya Oraba ni Kaya ya Sudan Kusini. Magharibi, mwendo mfupi tu, ni Kongo, na wafanyabiashara wa Ingbokolo huingia na kutoka kama watu wanaokwenda shambani. Kusini kuna barabara ya Arua, kilomita hamsini na ushei. Mashariki kuna barabara ya Yumbe inayoendelea hadi Moyo. Kwenye steji za bodaboda utasikia Kikakwa, Kilugbara, Kiaringa, Kinubi, Kilingala, Kiarabu cha Juba, na Kiswahili cha kuwaunganisha wote. Baraza la mawaziri la Uganda lilipoamua Julai 2022 kwamba Kiswahili, lugha rasmi ya Jumuiya, kifundishwe shuleni, wakazi wa Koboko na wenzao wa mtaa wa Oli kule Arua walikuwa wanakisema tangu enzi za babu zao. Serikali ndiyo iliyochelewa.

Kwa miaka mingi mji huu haukuwa na tatizo la michepuko kwa sababu hakukuwa na barabara iliyokuwa ikijengwa. Njia ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba, kilomita 92 kutoka mpaka wa Kongo hadi mpaka wa Sudan Kusini, ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa mvua. Iliwekwa lami katika miaka ya 2010 kwa fedha za Benki ya Dunia. Kisha zamu ikawa ya Koboko–Yumbe–Moyo, kilomita 105, ambayo Benki hiyo hiyo iliidhinishia msaada wa dola milioni 130.8 mwaka 2020. Sababu haikuwa huruma kwa wafanyabiashara wa simsim. Mnamo Agosti 2016 serikali ilifungua kambi ya Bidibidi wilayani Yumbe kwa ajili ya wakimbizi wa Sudan Kusini, na ndani ya miezi michache kambi hiyo ikawa na watu zaidi ya laki mbili na nusu. Chakula chao, dawa zao, saruji za shule zao na magari ya mashirika yanayowahudumia, vyote vilipaswa kupita kwenye barabara iliyotengenezwa kwa ajili ya baiskeli na pikapu moja moja.

Ndivyo njia panda ya mji mdogo inavyobeba mzigo wa mji mkubwa. Trela la mafuta linalokwenda Juba, basi la usiku kutoka Kampala, lori la mahindi ya wakimbizi, pikipiki yenye abiria watatu na godoro, mama mwenye beseni la samaki wa Panyimur kichwani: wote wanakutana mahali pamoja. Mahali hapo pakifanya kazi, kila mmoja anamjua mwenzake atakwenda wapi. Pakichimbwa, ujuzi wote huo unafutika kwa siku moja.

Watu wasio wa kazi ya barabara hudhani kwamba hatari ya barabara inayojengwa ni shimo. Shimo lina hatari yake, ila dereva akiliona hupunguza mwendo. Hatari kubwa ni mashaka. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva akisita sekunde mbili tu akijiuliza njia iko wapi, amekwisha kupita mita 44 bila uamuzi wowote. Hata akiwa kwenye 50, amepita mita 28, urefu wa mabasi mawili makubwa na nafasi ya kupumua. Katika mita hizo anaweza kuwepo mtoto, fundi aliyechuchumaa, au bodaboda aliyesita kwa sababu hiyo hiyo.

Wahandisi wanalijua hili, na wana utaratibu wake. Kwanza dereva aambiwe mapema, mamia ya mita kabla, kwamba kuna kazi mbele. Halafu ahamishwe taratibu kutoka kwenye njia yake ya kawaida kwenda kwenye ya muda, kwa mstari wa koni au mapipa unaosogea kidogo kidogo, usiomkata ghafla. Apite pembeni ya mafundi akiwa ametenganishwa nao kwa kizuizi. Mwisho arudishwe kwenye njia yake na kuambiwa wazi kwamba kazi imekwisha. Ukitembea kwenye barabara zetu zinazojengwa, hapa Afrika Mashariki kwa ujumla, utakuta kibao cha kwanza mara nyingi kipo, maana ndicho kinachopigwa picha siku ya uzinduzi. Kinachokosekana ni ule mstari wa kuhama na ule wa kurudi. Dereva anaambiwa kuna kazi, halafu anaachiwa akili yake.

Na mapipa yenyewe yatazamwe kwa karibu. Pipa la mafuta lililopakwa nyekundu na nyeupe huonekana vizuri siku lilipopakwa. Udongo wa West Nile, kanda ya Koboko na Arua, ni mwekundu. Wiki tatu za malori na vumbi la murramu, na ile nyeupe imegeuka kuwa rangi ya barabara. Utepe unaong'aa, kama ulibandikwa, umefunikwa. Usiku taa za gari zinaliangaza pipa na pipa halirudishi kitu. Mapipa ya plastiki yangekuwa salama zaidi kwa sababu yakigongwa yanasukumika, lakini pipa la plastiki ni mali. Linahifadhi maji nyumbani, linabeba pombe kwenye harusi, na halilali barabarani siku mbili. Kwa hiyo mkandarasi anaweka la chuma na kulijaza mawe lisiibiwe. Mwenye gari akiligonga, bampa linapinda. Mwenye pikipiki akiligonga, hakuna bampa. Kizuizi kilichowekwa kuokoa watu hakipaswi kuwa ndicho kinachowaua, na mhandisi yeyote anayeona mapipa ya mawe kwenye eneo lake na kunyamaza ameshindwa kazi, hata kama lami yake itadumu miaka thelathini.

Hilo la vumbi lina dawa nyepesi: boza la maji lipite mara kadhaa kwa siku, na kijana mmoja apewe ndoo na kitambaa apanguse alama kila jioni. Hakuna mradi wa mabilioni unaofilisika kwa kitambaa.

Suala la kushoto na kulia ni zito zaidi. Pipa halina mkono. Likisimama katikati ya barabara linasema tu kwamba hapa usipite. Halisemi upite wapi. Dereva mwenyeji hukamilisha sentensi hiyo kwa mazoea, na mazoea yake ni kushoto. Dereva wa Ariwara au wa Yei ya Sudan Kusini naye huikamilisha kwa mazoea, na yake ni kulia. Barabara ikiwa tulivu na mchana kweupe, wote wawili hukumbuka wako nchi gani. Lakini mtu akishtuka hakumbuki. Mikono yake inafanya ilichozoea. Lori linatokea ghafla kwenye kona yenye vumbi, Mganda anaukata usukani kushoto, Mkongomani anaukata kulia, na kwa kuwa wanatazamana, wote wameelekea upande ule ule. Ongeza kwamba malori mengi ya Kongo yana usukani upande wa kushoto, kwa hiyo katika nchi ya kupita kushoto dereva wake haoni vizuri kinachokuja mbele anapochungulia kulipita gari jingine. Utingo wake ndiye macho yake.

Kuna kibao cha duara, bluu, chenye mshale mweupe unaoelekeza chini upande wa kupita. Hakina neno hata moja. Mtu wa Kisangani anakielewa, wa Torit anakielewa, wa Mbale anakielewa. Katika miji ya ndani kibao hicho kinaweza kuonekana kama pambo. Kwenye njia panda iliyo kilomita chache kutoka mipaka miwili ya nchi za kulia, kila kichwa cha kizuizi kinapaswa kuwa nacho, na cha akiba kiwepo stoo.

Hali hii ya mpakani si ya tangu Adamu. Sudan yote, kusini na kaskazini, ilikuwa ikipita kushoto kama Uganda tangu enzi za Waingereza. Tarehe 6 Agosti 1973 ndipo ilipohamia kulia. Kabla ya siku hiyo dereva wa Koboko alikwenda Kaya na kurudi bila kubadili mkono. Miaka sita kabla ya Sudan, tarehe 3 Septemba 1967, Sweden nayo ilihama kutoka kushoto kwenda kulia kwa usiku mmoja, baada ya maandalizi ya miaka na kampeni zilizoingia mpaka kwenye pakiti za maziwa. Watu walitarajia maafa. Kilichotokea ni kinyume: ajali zilipungua mwanzoni, kwa sababu kila mtu aliendesha kwa hofu. Hofu ilipoisha, ajali zikarudi zilipokuwa.

Nayataja haya ya Sweden kwa sababu yana funzo ambalo wakandarasi wetu hulipuuza. Siku ya kwanza ya mchepuko si siku ya hatari zaidi. Siku ya kwanza bodaboda wanasimama, wanatazama, wanaulizana. Hatari inakuja baadaye, wenyeji wakiisha kuizoea njia ya muda na kuijua kwa moyo, halafu usiku mmoja mkandarasi anaibadilisha. Jana trafiki ilipita nyuma ya kituo cha mafuta, leo imerudishwa mbele, na kijana wa bodaboda anayerudi kutoka kumpeleka abiria anakwenda kwa mazoea ya jana moja kwa moja hadi kwenye mtaro wa kalvati. Mgeni angekuwa ameenda polepole. Mwenyeji ndiye anayeumia. Kwa hiyo kila mpangilio unapobadilishwa, tahadhari ianze upya kana kwamba mradi umeanza leo: redioni, misikitini, makanisani, kwenye steji, na mshika bendera asimame pale kwa siku za mwanzo hata kama mchoro unasema hahitajiki.

Washika bendera nao wana mengi ya kusemwa. Ni vijana wa kijijini, wengi wao wasichana, waliopewa kizibao kinachong'aa, bendera nyekundu na ya kijani, na maelekezo ya dakika kumi. Wawili husimama kwenye ncha mbili za njia nyembamba, na mmoja lazima ajue mwenzake ameruhusu gari la mwisho lipi. Bila simu ya upepo wanabuni: wanampa dereva wa mwisho tawi au kijiti ampelekee mwenzao. Ubunifu huu unastahili heshima, ila dereva wa mwisho akiingia dukani kununua soda, kijiti kimekaa naye na pande zote mbili zimesimama zikipiga honi, mpaka mwenye haraka anaamua kuingia.

Magari yameshika nafasi kubwa ya makala haya, wala hayastahili. Wengi wanaopita njia panda ya mji kama Koboko au Arua wanapita kwa miguu. Barabara ikichimbwa, cha kwanza kupotea ni ukingo wao. Udongo unamwagwa pale walipokuwa wanatembea, mtaro unakatwa mbele ya maduka, na wenye maduka wanaweka ubao mmoja wa kuvukia, upana wa viatu viwili. Mama mwenye beseni hawezi kuupita ubao huo, kwa hiyo anashuka barabarani na kutembea pamoja na matrela. Mchoro wa mchepuko unaoonyesha mishale ya magari tu, bila mshale mmoja wa mtu anayetembea, urudishwe kwa aliyeuchora.

Usiku ndio kipimo. Kwa miaka mingi West Nile haikuwa kwenye gridi ya taifa. Ilitegemea jenereta na bwawa dogo la Nyagak, wilayani Zombo, lililoanza kazi mwaka 2012 na kutoa megawati 3.5 kwa eneo zima. Watu wa huku wamezoea giza, na giza limewafundisha lugha yake. Lori likiharibika barabarani, utingo hukata matawi na kuyalaza nyuma yake, moja hapa, jingine mita kadhaa nyuma, jingine nyuma zaidi. Dereva yeyote kutoka Mombasa hadi Bunia akiona majani mabichi juu ya lami anaondoa mguu kwenye moto. Hakuna aliyemfundisha darasani. Tukubali kwamba alama hiyo ya matawi inatimiza masharti ambayo vibao vya miradi mingi havitimizi: inaanza mbali, inarudiwa, haihitaji kusoma, na inaaminika, kwa sababu hakuna anayekata matawi bila sababu. Kibao cha kazi kinachoachwa pale miezi mitatu baada ya mafundi kuondoka kinafundisha kinyume chake. Kinawafundisha madereva kwamba vibao huongopa.

Vibao vya maneno navyo vina kasoro yao. Huandikwa kwa Kiingereza, wakati mwingine kwa herufi ndogo na maelezo marefu yasiyosomeka kwa mwendo wowote. Dereva kutoka Kongo amesoma Kifaransa kama amesoma. Wa Kaya amesoma Kiarabu. Mtu akitaka maneno, basi Kiswahili kingewafikia wengi zaidi kwenye pembe hii ya dunia, herufi kubwa, maneno mawili: PITA KUSHOTO. Lakini mshale ungetosha.

Je, hili ni suala la ajali za kweli au la wasiwasi wa mwandishi? Taarifa za mwaka za polisi ya Uganda zinaonyesha waliokufa barabarani walikuwa 4,534 mwaka 2022, wakawa 4,806 mwaka 2023, na 5,144 mwaka 2024. Hao wa mwaka wa mwisho ni kama watu 14 kila siku. Taarifa hizo hutaja uendeshaji wa kizembe, mwendo kasi na kulipita gari jingine pasipofaa kuwa miongoni mwa sababu kubwa, na sina ugomvi nazo, uzembe tunauona. Ila dereva aliyekufa hajitetei. Kibao ambacho hakikuwepo hakiandikwi kwenye maelezo, kwa sababu askari anayefika eneo la ajali anaandika alichokikuta.

Kwamba usalama wakati wa ujenzi ni wajibu unaoweza kuugharimu mradi mzima, Uganda iliwahi kuonyeshwa kwa ukali. Mradi ule ule wa Benki ya Dunia uliolipia lami ya Vurra hadi Oraba, ule wa Maendeleo ya Sekta ya Uchukuzi, ulikuwa na fungu jingine la barabara ya Kamwenge hadi Fort Portal, magharibi mwa nchi. Wakazi wa Bigodi, kijiji kilicho kwenye barabara hiyo, walipeleka malalamiko kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki. Jambo lililovuma zaidi, na kwa haki, lilikuwa wasichana wadogo waliodhulumiwa na wafanyakazi wa ujenzi. Lakini ndani ya malalamiko hayo hayo kulikuwa na vumbi, na kulikuwa na ukosefu wa usalama wa watu barabarani wakati kazi ikiendelea. Desemba 2015 Benki ilifuta ufadhili wa mradi. Ripoti ya Jopo ilitoka mwaka uliofuata na kukuta mapungufu katika mambo mengi yaliyolalamikiwa, usalama wa barabarani ukiwemo. Tangu hapo mikataba ya barabara nchini imeandikwa kwa woga zaidi.

Kuandikwa ni kitu kimoja, kutekelezwa ni kingine. Vitabu vya masharti ya ujenzi wa barabara, vya Tanzania na vya Uganda, vina sehemu nzima, ile ya 1500, inayohusu jinsi trafiki itakavyohudumiwa wakati wa kazi: michepuko, alama, vizuizi, washika bendera, taa, vumbi. Haina utata. Tatizo linakuja kwenye jedwali la bei. Lami hupimwa kwa tani na kifusi kwa mita za ujazo. Mkandarasi asipoweka, halipwi. Huduma ya trafiki mara nyingi hulipwa kwa jumla au kwa mwezi. Mkandarasi anayetaka kushinda zabuni anaibania bei hapo, na akishashinda anabania kazi hapo hapo, kwa sababu pesa ya mwezi inaingia hata kama koni zimebaki nusu. Mhandisi msimamizi ana uwezo wa kukata malipo hayo. Nadhani angefanya hivyo mara mbili tu, tungeona mapipa yamepangusika Koboko nzima.

Wengine wamepitia hayo hayo. Kampala, ujenzi wa barabara za juu uliofadhiliwa na Japani ulianza 2019 na kuyageuza makutano ya Clock Tower kuwa fumbo lililobadilika majibu kila baada ya miezi michache. Dar es Salaam, madereva wa Ubungo waliishi na michepuko tangu 2017 mpaka daraja la Kijazi lilipozinduliwa Februari 2021, askari wa trafiki wakisimama pale kutwa kufanya kazi ya alama. Nairobi, Barabara ya Mombasa ilichimbwa kuanzia 2020 kwa ajili ya barabara ya juu ya kilomita 27, na waliokuwa wakivuka kwa miguu kwenda viwandani ndio waliolipa ushuru wa kwanza. Tofauti ni kwamba miji hiyo mikuu ina kamera za televisheni. Mbunge akikwama Clock Tower, nchi inajua jioni hiyo hiyo.

Hata hivyo West Nile iliwahi kuona jambo likifanywa kwa mpango. Daraja la Karuma, lililojengwa 1963 na ambalo ndilo mlango wa kawaida wa kutoka Kampala kwenda Arua, lilifungwa tarehe 23 Septemba 2024 kwa matengenezo ya miezi mitatu. Taarifa zilitangulia. Magari mazito yalikuwa yameshazuiwa kabla. Njia mbadala zilitajwa kwa majina, ikiwemo ile ya Masindi na Paraa inayokatiza Hifadhi ya Murchison Falls, na watu wakajipanga: nauli zikapanda, safari zikarefuka, manung'uniko yakawa mengi, lakini hakuna aliyefika Karuma usiku na kushangaa. Daraja lina hadhi, ndiyo maana. Njia panda ya mjini haina hadhi hiyo, ingawa wanaoipita kwa siku moja pengine wanazidi wanaopita kundi zima la madaraja yetu ya vijijini.

Jambo moja la kiserikali lijulikane, maana linachanganya kuliko mapipa. Mamlaka ya Barabara za Taifa, UNRA, iliyoanza kazi mwaka 2008, ilivunjwa mwishoni mwa 2024 na majukumu yake kurudi Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Barabara kuu zinazopita Arua na Koboko ziko chini ya wizara hiyo sasa. Mitaa ya ndani ya Arua, iliyopata hadhi ya jiji Julai 2020, iko chini ya halmashauri ya jiji, na baadhi yake ilitengenezwa kwa mradi wa miundombinu ya manispaa, USMID, uliofadhiliwa pia na Benki ya Dunia. Kwa hiyo kona moja inaweza kuwa na wakubwa wawili, na kila mmoja akakuelekeza kwa mwenzake. Usikubali kuzungushwa. Kila mradi una kibao kikubwa kinachotaja mwajiri, mkandarasi na mhandisi msimamizi, na miradi ya Benki ya Dunia inatakiwa kuwa na utaratibu wa kupokea malalamiko ya wananchi.

Basi, msomaji wa Koboko, wa Arua, wa Maracha au wa Yumbe: ukiona kizuizi kisicho na mshale, pipa lililolala, au ubao wa kuvukia usioweza kumbeba mama yako, piga picha mchana, kisha piga tena usiku kwa taa za pikipiki. Andika tarehe na mahali. Peleka nakala moja kwa mwenyekiti wa baraza la kijiji, LC1, moja kwa kamati ya malalamiko ya mradi, moja kwa mhandisi msimamizi aliyetajwa kwenye kibao. Na mdai akujibu kwa maandishi.